Dar haikosi pa kutembea bure, inakosa choo na kivuli

Ndugu Mhariri,

Kila shule zinapofungwa, magazeti yetu hujaa matangazo ya mabwawa ya kuogelea, bembea za umeme na hoteli za ufukweni, na mzazi wa Mbagala au Gongo la Mboto anayeyasoma hubaki akiamini kwamba kumtoa mtoto matembezi ni shughuli ya wenye magari na mishahara minono. Naomba nafasi katika ukurasa wako niipinge imani hiyo, kisha niseme neno kwa Halmashauri ya Jiji na manispaa zake jirani. Mkoa huu, ambao Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 5,383,728, una mahali pengi pa kutembelea pasipo kiingilio. Gharama haiko getini. Iko kwenye nauli ya daladala, kwenye maji ya chupa na, kuliko yote, kwenye adha ya kutafuta choo ukiwa na watoto wawili ambao mmoja ameshabanwa na mkojo.

Nitaanza na katikati ya mji, kwa sababu huko ndiko kwenye utajiri mkubwa unaopuuzwa na wenyeji. Anayeshuka kwenye mwendokasi Kivukoni asubuhi na mapema aingie kwanza soko la samaki la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani. Hapo hutozwi kitu kwa kutazama. Mnada wa samaki waliotoka majini usiku huo huendeshwa kwa kasi ambayo mgeni huikosa maana kabisa: dalali anataja bei, mchuuzi anainua kidole, na fungu la changu au jodari mzima limekwisha kupata mwenyewe kabla hujajua nani kanunua. Mtoto aliyezoea kuwaona samaki wakiwa vipande kwenye sufuria ataona pweza, taa, papa na kolekole wakiwa wazima, na atauliza maswali ambayo wavuvi wenyewe, wakiwa hawana haraka, huyajibu kwa raha. Avae viatu vya kufunika mguu, maana sakafu ina maji na utelezi, na mzazi asisimame njiani mwa wabeba matenga, ambao wana haki ya kukasirika.

Kutoka hapo njia ya kando ya bandari inaelekea Posta ya Zamani. Upande mmoja kuna bahari, na meli kubwa zinapopita kwenye mlango mwembamba wa bandari huonekana karibu kiasi kwamba majina yake yanasomeka kwa macho tu. Upande wa pili kuna Kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara wake wa vigae vyekundu, na mbele kidogo Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897. Yote mawili ni kazi ya enzi ya Wajerumani, na katika siku ambazo hakuna ibada mtu mwenye adabu na mavazi ya heshima hukaribishwa kuingia akatazama. Ukiendelea utafika Boma la Kale, karibu na zinakopaki boti za Zanzibar. Jengo hilo la mawe ya matumbawe lenye mlango wa nakshi lilijengwa katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said alipokuwa akiusimamisha mji huu pembeni mwa kijiji cha Mzizima, na ni miongoni mwa majengo machache ya wakati wake yaliyobaki. Wapo wakazi waliopita mbele yake miaka ishirini wakikimbilia boti au daladala bila kujua kwamba hapo ndipo mji ulipoanzia. Siwalaumu, kwa kuwa mpita njia haoni cha kumsimamisha.

Vivyo hivyo kwa sanamu ya Askari iliyoko makutano ya Barabara ya Samora na Azikiwe, ambayo wazee bado wanaiita Bismini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Hilo ni somo zima la historia ya darasa la sita, limesimama barabarani halina mwalimu. Nimewahi kumsikia kijana akiwaeleza wenzake kwamba huyo ni askari wa Vita vya Kagera, na hakuna aliyembishia.

Ukifuata Samora kuelekea mashariki unafika Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Profesa Stuhlmann kwa ajili ya kujaribia mazao ya biashara. Humo mna mikangaga, mijakaranda na minazi ya Shelisheli, ambayo mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu za mimea yote duniani. Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa. Makumbusho yana kiingilio, ingawa Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, na ndiyo maana siyaingizi katika orodha ya bure. Lakini familia ya watu sita bado itapiga hesabu mara mbili mlangoni. Kama walezi wa Makumbusho wangetenga Jumamosi moja kila mwezi ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi na mzazi wake wanaingia bila malipo, hasara yao ingekuwa ndogo na watoto wengi wangeliona kwa mara ya kwanza jengo ambalo wanalisoma vitabuni.

Viwanja vya Mnazi Mmoja vinastahili aya yake. Wakoloni wa Kiingereza waliliacha eneo lile wazi makusudi ili liwatenganishe Waafrika wa Kariakoo na Wahindi na Wazungu waliokuwa upande wa bandari. Leo ni moja ya sehemu chache katikati ya mji ambapo mtu anaweza kukaa chini ya mti bila kuulizwa anataka kununua nini, na Mnara wa Uhuru wenye Mwenge umesimama humo humo. Ni ajabu kwamba kiwanja chenye historia nzito hivyo, kinachopitiwa na maelfu ya watu wanaokwenda na kutoka Kariakoo, hakina mabenchi ya kutosha hata kwa wazee wanaopumzika kidogo kabla ya kuendelea na safari.

Kuhusu bahari sina haja ya kusema mengi, kwani Coco Beach inajulikana hata kwa watoto wa mikoani. Mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili ni ya kununua, lakini upepo na mchanga havina bei. Niongeze tu kwamba tangu mwaka 2022, Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa, mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi karibu na ufukwe huo, akivuka zaidi ya kilomita moja juu ya bahari. Aende baada ya alasiri, kwa sababu darajani hakuna kivuli hata cha kujificha paka. Mzazi aulize pia majira ya maji: yakiwa yamekupwa watoto watachezea vidimbwi vya kwenye miamba, na yakiwa yamejaa, hasa nyakati za bamvua na upepo wa kusi, wasiachwe peke yao hata kidogo. Wanaopenda michoro waende Oysterbay kuwatazama wachoraji wa Tingatinga wakiwa kazini, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuna anayekulazimisha kununua, ingawa utashawishiwa. Wa Ubungo na Kimara wana Chuo Kikuu pale Mlimani, chenye miti mikubwa, tumbili wasio na aibu na Ukumbi wa Nkrumah ambao picha yake ilikuwamo kwenye noti ya shilingi 500.

Sasa niseme na wenye mamlaka. Katika njia yote niliyoieleza, kuanzia Feri hadi Mnazi Mmoja, mzazi atahangaika kupata choo cha umma kilicho safi, atakosa mahali pa kuketi kivulini isipokuwa anunue kitu, na hataona vibao vya Kiswahili vinavyomweleza anachokitazama. Hayo si mambo ya mabilioni. Kila ninaposikia mpango wa kupendezesha mji unaoanza na chemchemi yenye taa za rangi, hujiuliza ni nani aliyewahi kuomba chemchemi. Wananchi tunaomba choo, benchi la zege na mwarobaini uliopandwa ukamwagiliwa hadi ukashika.

Jambo la pili ni zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hata hivyo, anayejaribu kutembea kando ya maji kutoka Msasani kwenda Kunduchi atakutana na kuta zinazoshuka hadi mchangani, na vichochoro ambavyo wenyeji walivitumia kushukia pwani vimefungwa kwa mageti. Sipingi hoteli wala mwekezaji, kwani zinaajiri vijana wetu. Ninachoomba ni kwamba kila kichochoro kilichomo kwenye ramani ya mipango miji kibaki wazi, kiwekewe kibao kinachosema ni njia ya umma, na mwenye kiwanja aliyekifunga atakiwe kukifungua.

Najua jibu litakuwa kwamba fedha hazitoshi. Pale Coco Beach na Feri wafanyabiashara wanatozwa ushuru. Sehemu yake ibaki palepale kwa ajili ya maji na usafi wa vyoo, na hesabu zake zibandikwe mahali pa wazi ili mlipaji aone alicholipia. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, waheshimiwa madiwani wanao muda wa kutenga fungu la vyoo na mabenchi kabla bajeti ijayo haijapitishwa, na wakianza na Mnazi Mmoja peke yake mwaka huu watakuwa wamewafikia watu wengi kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu.

Ni mimi msomaji wako,
Mzazi, Tandika, Dar es Salaam