Lile jiwe la risasi uliloniuliza

Shoga yangu Rehema,

Za siku nyingi mpenzi? Mie mzima, ila we mwanamke umeniponza, umeniuliza tu kidogo kuhusu mawe adimu yenye risasi, ile metali nzito, basi nimezama humo usiku kucha na nimetokea na moja tu la kukwambia, linaitwa fosgeniti.

Galena unaijua, ile ya kijivu inayong'aa ambayo ndo risasi nyingi inatolewa humo. Sasa galena ikiwa juujuu karibu na uso wa ardhi, hewa na maji vinaila taratibu, na mara nyingi inaishia kuwa serusaiti au anglesaiti, madini mengine ya risasi, hayo ndo yamezoeleka. Ili upate fosgeniti lazima maji yawe na chumvi ya kutosha, klorini iingie pamoja na kaboneti kwenye fuwele moja, na hiyo haitokei ovyo ndo maana unaisikia mara chache.

Kwa macho utaidharau. Nyeupe, au njano ya kufifia, au kahawia, nyingine haina rangi kabisa unaona mpaka upande wa pili, mtu anaweza kuapa ni kalisaiti, lile jiwe la kawaida la chokaa. Ila inyanyue uone! Uzito wake ni kama mara 6 ya maji wakati kalisaiti haifiki hata mara 3, mkono unashtuka kabisa. Halafu ni laini, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, 1 hadi 10, iko kati ya 2 na 3, kisu kinaikata bila shida, na ukiimulika na taa ya urujuanimno gizani inawaka njano kali, hapo hata mbishi ananyamaza. Tone la asidi ya nitriki iliyozimuliwa nalo linaifanya itoe mapovu huku inayeyuka, ila hilo waachie wenye maabara tafadhali.

Zile za mwanzo kujulikana zilitoka Cromford, karibu na Matlock, Uingereza. Fuwele kubwa kubwa zenye sifa zimetoka Monteponi kule Sardinia, Italia, na Tsumeb ya Namibia nayo imo maana ule mgodi sijui umekosa madini gani. Lakini ninayoipenda mie ni Laurion, Ugiriki. Watu wa kale walikuwa wanachimba galena pale kutafuta fedha iliyomo, ile metali ya vito, mabaki ya kuyeyusha wakayatupa baharini, basi maji ya chumvi yakafanya kazi kwa zaidi ya miaka 2000 na ndani ya vile vitundu vya takataka zikaota fuwele ndogondogo, fosgeniti ikiwemo. Wataalamu wengine wanagoma kuziita madini halisi kisa binadamu ndo alianza, mie naona wanabana sana, bahari imefanya kazi yote hiyo jamani.

Sasa sikia hii ya wanja. Kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, kuna vikopo vya vipodozi vya Misri ya kale, vya kati ya mwaka 2000 na 1200 KK hivi, na poda bado imo. Mwaka 1999 watafiti wakatangaza kwenye jarida la Nature kwamba wameipima wakakuta galena, sawa hiyo ilitegemewa, lakini pia laurionaiti, nayo ni madini ya risasi na klorini, na fosgeniti, na kwa jinsi zilivyo adimu haiwezekani ziliokotwa tu, zilitengenezwa! Dioscorides na Pliny, waandishi wa enzi za Warumi, waliandika baadaye mapishi yanayofanana na hayo, oksidi ya risasi inasagwa, inatiwa maji na chumvi ya mawe, wengine na magadi, halafu maji yanamwagwa na kuwekwa mapya tena na tena kwa wiki kadhaa. Mwaka 2010 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba kiasi kidogo sana cha risasi ya chumvi hizo kinazifanya seli za ngozi zitoe oksidi ya nitrojeni kwa wingi, kitu kinachoamsha kinga ya mwili, kwa hiyo huenda macho yao yalifaidika kweli.

Usije ukajaribu lakini, nakujua wewe! Risasi ni sumu na ikiingia mwilini haitoki kirahisi. Ukipata kipande kishike tu, usikikwangue ukavuta ile vumbi, osha mikono kabla hujagusa chakula na watoto wasikione kabisa.

Nijibu basi usikae kimya kama kawaida yako.

Wako,
Mwanaidi