Kichwa kimoja, wenyewe wanne: someni kabla ya kumleta mtoto

Jumamosi moja baba wa hapa Katuba aliingia kwenye saluni yetu ya kunyolea na mwanawe wa miaka minne. Tukamketisha kwenye ule ubao tunaouweka juu ya kiti ili kichwa kifike pale mkono unapofika. “Mama yake amesema nimero mbili,” baba akasema, kisha akatoa simu yake na kuanza kutazama mpira. Nikawasha mashini, nikapita kisogoni, nikapanda upande wa kulia juu ya sikio. Ndipo simu ikaita.

“Nilisema nne! Nne! Mbili ni ya baba yake!”

Hatujamaliza hayo, simu ikaita tena. Safari hii ni nkambo, yaani mzazi wa mzazi wake, kwa video, kutoka Kolwezi. Anasema mtoto amebeba jina la marehemu na asiguswe kichwa mpaka yeye afike. Na upande mmoja wa kichwa hicho tayari ulikuwa sakafuni. Mtu pekee ambaye hakuna aliyemuuliza ni mtoto. Nilipomuuliza, akajibu bila kufikiri kwamba anataka nywele kama za wachezaji wa Mazembe. Wa nani kati yao? “Wote.”

Nimenyoa watoto miaka mingi kiasi cha kujua kwamba kichwa cha mtoto si mali ya mtoto. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili ya wazazi wetu wa Lubumbashi, tupunguze simu za namna hiyo.

Tuanze na nimero, maana ugomvi mwingi uko hapo. Nimero ni kile kichana cha plastiki tunachokivalisha mashini mdomoni. Moja huacha nywele za milimita 3 hivi, mbili 6, tatu karibu 10, nne karibu 13. Nimero ikiwa kubwa, nywele zinazobaki ni nyingi. Naomba mlisome tena hilo, kwa sababu kuna mama aliyeamini kwa moyo wote kwamba nne maana yake ni kupitisha mashini mara nne, akashangaa mtoto ametoka na kichaka kilekile. Tena nywele zetu hujikunja, kwa hiyo huonekana fupi kuliko zilivyo. Mtoto mwenye nywele laini na jirani yake mwenye nywele ngumu wakinyolewa mbili, mmoja ataonekana ameenda kwa kinyozi na mwingine ameenda jeshini. Mashini ni ileile.

Tukikosea, kuna faraja kidogo: nywele huota sentimita moja hivi kwa mwezi. Aliyetoka na moja badala ya tatu, wiki tatu tu amefika. Na lile la kunyoa kipara ili nywele zitoke nene zaidi, hapana. Mzizi uko chini ya ngozi, mashini haiufikii. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba; ukikatwa unabaki na ncha butu, basi mkono ukipita unahisi ukali na mtu anadhani zimeongezeka. Nimelieleza hili mara nyingi sana, na bado kila Julai wananiletea watoto wafanyiwe kipara. Julai, jamani! Kiangazi hiki chetu, asubuhi baridi inauma, na mtoto anaenda kuchota maji na kichwa kinang’aa kama sahani. Mkitaka kipara, leteni na kofia ya sufu.

(Faida moja ya kiangazi: vumbi. Mtoto anaingia na nywele nyekundu, anatoka na nyeusi, na mama anadhani tumepaka dawa.)

Sasa kilio. Wazazi wengi huona aibu mtoto akipiga kelele, wanamfinya chini ya kitambaa wakidhani sioni. Acheni. Mtoto ana sababu zake. Mashini ikigusa fuvu karibu na sikio, mfupa wenyewe unabeba mlio, kwa hiyo yeye anasikia kitu kikubwa kuliko tunachosikia sisi tuliosimama. Meno ya mashini yakifanya kazi muda mrefu yanapata moto. Yakiwa butu hayakati, yanang’oa. Na nywele fupi zikiingia shingoni zinachoma kama majani makavu. Ndiyo maana hapa tuna mashini mbili: moja ikipata moto inapumzika, nyingine inaendelea, na zote zinatiwa mafuta kila asubuhi. Mtoto mgeni tunampa kwanza mashini iliyozimwa, aishike, anyoe mkono wake mwenyewe, amnyoe hata baba yake magoti akitaka. Kisha tunaiwasha mbali, nyuma yake, na tunaanza kisogoni. Kwenye masikio tunafika mwisho, akiwa amechoka kuogopa. Badala ya kile kitambaa cha nailoni tunamfunga kikwembe, yaani kitenge, na wengine huja na cha mama yao. Hicho kina harufu ya nyumbani na kinasaidia kuliko bomboni.

Lakini sehemu kubwa ya kilio inatengenezwa nyumbani. “Ukiendelea na fujo nitakupeleka kwa yule tantine akukate masikio.” Halafu Jumamosi mnamleta kwa yule tantine, yaani mimi, mnashangaa ameshika mlango kwa mikono miwili! Sijawahi kukata sikio la mtu. Tafuteni adhabu nyingine, tumieni hata jina la daktari wa meno.

Watoto wachanga tunawapokea kwa masharti. Utosi, pale panapopigapiga, kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18, na kabla ya hapo wembe haupiti hapo, hata nkambo akisimama mlangoni. Tunapunguza kwa mkasi tu, mtoto akiwa amelala kifuani kwa mama. Kama nyuma ya kichwa pana upara wa duara, msiogope wala msimtafute jirani mwenye jicho baya: ni alama ya kulala chali, na akianza kukaa nywele zitarudi. Familia zinazotaka nywele za kwanza wazichukue, tunazikusanya zote kwenye karatasi nyeupe na kuwapa. Hatuulizi mnazipeleka wapi. Nkambo mmoja alirudi kutoka barabarani kuniambia kuna kishungi kimebaki chini ya kiti. Kilikuwepo kweli.

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha. Nikiona mabaka yenye magamba, nywele zimekatikakatika kama nukta nyeusi, nasimamisha mashini na kumwita mzazi kando, kwa sauti ya chini. Mara nyingi hayo ni mapunye. Ni ukungu wa ngozi, haujaletwa na uchafu wenu, na watoto huambukizana kwa kugusana vichwa, kofia, vichana, na ndiyo, kwa mashini za vinyozi. Pomada peke yake haitoshi kwa sababu ukungu umeingia ndani ya unywele. Mtoto anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya, kwa wiki kadhaa, na msiviache katikati kwa sababu kichwa kimeanza kupendeza. Siku hiyo hatumnyoi wala hatuwatozi kitu. Mashini zetu, baada ya kila kichwa, tunazipiga brashi na kuzifuta kwa alkoholi ya asilimia 70. Mkiona tumesahau, semeni kwa sauti kubwa, wateja wote wasikie.

Wasichana: tunaosha, tunakata ncha, tunasuka. Nikiambiwa “kaza, ikae mwezi mzima”, sikazi. Msuko unaovuta nyusi juu unang’oa nywele za pembeni mwa uso, na ukirudiwa miaka mingi hazioti tena.

Na mapasa, yaani mapacha. Tuna wawili hapa, tuwaite Kyungu na Kabange kama mapasa wengi wa Kiluba wanavyoitwa. Baba yao alichoka kuwachanganya, akaomba nimchoree Kabange mstari juu ya sikio la kushoto. Nikachora, mzuri sana. Jumatano wakarudi, wote wawili wana mstari. Kyungu alijichorea kwa wembe wa kuchongea kalamu, na mkono haukusimama pale ulipotakiwa, ukachukua na nusu ya nyusi. Sikuwa na la kufanya. Nikawainamisha vichwa, nikamwonyesha baba lile zunguko la nywele utosini: la mmoja linaenda na mshale wa saa, kama la watu wengi, la mwenzake linarudi kinyume. Kazi hiyo sikuitoza faranga hata moja.

Kabla ya shule kufunguliwa Septemba, foleni yetu inafika kwa muuza mkaa. Njooni katikati ya Agosti, siku za kazi, asubuhi. Tumeanza pia kumwandikia kila mtoto kadi: nimero ya pembeni, nimero ya juu, anaogopa nini, na mstari wa mwisho unaosema “Mwenye neno la mwisho”. Mashini haiwaki kabla mstari huo haujajazwa.

Yule wa Jumamosi tulimwokoa hivi: mbili haiwezi kurudi kuwa nne, basi tukaacha mbili pembeni, nne juu, tukapanga ngazi katikati. Ikawa degrade. Baba hakupata alichotumwa, mama hakupata alichosema, nkambo alikata simu, na mtoto alitoka anatembea kama anaingia uwanjani. Kadi yake ninayo hapa. Kwenye mstari wa mwisho baba ameandika “mama yake”. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: “baada ya kumuuliza nkambo”.