Mbambu, usiseme huyo binti ana tamaa

Katwe, Kampala

Mbambu dada yangu,

Salamu nyingi toka huku, mi mzima na watoto wazima, vitenge vinatoka polepole ju mvua imezidi. Meseji yako niliisoma nikasema nisipige simu, nitaongea kwa hasira, acha nikuandikie. Unasema ati mtoto wa marehemu dada yako anataka kwenda kyeyo, hizo kazi za nje, huko Saudia ju ya tamaa ya pesa, wasichana wa siku hizi hawajui kuvumilia ndoa. Hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

Unajua hapa nafanya kazi na wakina mama wa Kongo, tunatembeza vitenge pamoja, wa Goma, wa Bunia, wa Rutshuru. Ukiuliza mtu kilichomtoa kwao atasema vita, na ni kweli, vita ipo. Lakini mkishazoeana, jioni mnahesabu hela, ndo mengine yanatoka. Kuna mmoja alifiwa na mume, matanga hayajaisha vizuri shemeji zake wakamwambia achague, arithiwe na mdogo wa marehemu ama atoke kwenye nyumba. Akakataa kurithiwa. Wakatoa masufuria yake nje wakafunga mlango kwa kufuli mpya, akaenda kwa chifu, kumbe chifu ni wa ukoo huohuo, akaambiwa mwanamke hana shamba, shamba ni la wanaume na watoto ni wa wanaume. Kwa hiyo watu walipoanza kukimbia risasi yeye alivuka nao mpaka wa Bunagana na mtoto wa mgongoni, wakubwa wawili wakabaki kwa shemeji. Yule mkubwa anampigia kwa siri kwa simu ya jirani, na jirani ameseva namba ya mama kwa jina la muuza chumvi, ju shemeji akijua wanaongea mtoto atapigwa. Sasa niambie, huyu mama vita ikiisha kesho atarudi wapi?

Siku tulimsindikiza ofisi ya Old Kampala kujiandikisha ukimbizi, tuko kwa benchi tunangoja, ananiambia atasema vita tu, hayo ya shemeji ni aibu ya nyumbani. Nikamwambia hapana mama, sema yote. Kuna wakili anakujaga kutufundisha bure, alitueleza ule mkataba wa wakimbizi wa 1951 unataja sababu tano, rangi, dini, utaifa, siasa na kuwa wa kundi fulani la jamii, mwanamke kuteswa ju ni mwanamke hakuandikwa, mawakili wanahangaika kumpitisha kwenye hilo la kundi. Lakini Uganda, hii Uganda yetu, sheria yake ya wakimbizi ya 2006 imeandika waziwazi kwamba mtu akikimbia ju anaogopa kuteswa kwa sababu amekataa kufuata desturi za ubaguzi wa kijinsia, huyo anastahili kuwa mkimbizi. Mi niliposikia hiyo nilijivunia nchi yangu kabisa. Ulaya juzi tu, Oktoba 2024, ndo mahakama yao kubwa ilisema kumpa mwanamke wa Afghanistan ukimbizi inatosha kuangalia uraia wake na kwamba ni mwanamke.

Kinachoniuma ni hiki sasa, sheria inamuona mama wa Kongo aliyefukuzwa na shemeji, na sisi wenyewe hatumuoni binti yetu wa hapo Bwera, huyo mtoto wa dada yako.

We unajua maisha ya huyo mtoto kunishinda, lakini acha niseme alichoniambia. Ile kahawa juu mlimani yeye ndo anapalilia, yeye anachuma na mtoto mgongoni, yeye anaanika na kukimbia kuianua mvua ikija. Siku ya kuuza mwanaume anapakia gunia kwa boda anashuka nayo, anarudi usiku anaimba, pesa hakuna, na ukiuliza ada ya shule unapigwa. Amepigwa mpaka sikio la kushoto halisikii vizuri, ulijua hiyo? Alienda polisi wakamwambia alete pesa ya mafuta ya gari ndo wamfuate mume, halafu wakamwambia mambo ya nyumbani mkaongee nyumbani. Akaenda kwa mwenyekiti wa LC, ile serikali ya kijiji, yule anakunywa na mume wake. Akarudi kwenu, na nyinyi, Mbambu, baba zake wadogo walisema mbuzi wa mahari tushakula, tutawatoa wapi kuwarudisha. Wakamsindikiza hadi kwa mume kama mwizi anarudisha mali.

Na Mahakama ya Juu ilishasema tangu 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Katiba ya 1995 inasema mke na mume wana haki sawa ndani ya ndoa na hata ikivunjika. Sheria ya ukatili wa nyumbani ipo tangu 2010. Zote nzuri. Lakini sheria inafikaje mlimani kama wa kuileta ni polisi bila mafuta, na LC rafiki wa mume, na wazee waliokula mbuzi? Kila mlango aliogonga ulifunguliwa na mwanaume anayemjua mume wake. Ndo anaona bora mlango wa mbali ambako hakuna anayemjua. Serikali inamhesabu mfanyakazi, majirani wanamuita mwenye tamaa, mi naona mtu anakimbia.

Lakini pia simpi moyo wa kwenda hivohivo, na hapa ndo nakuomba unisikilize. Zile nchi za Ghuba, Saudia, Oman, Emirati yenye Dubai na wenzao, hakuna hata moja iliyosaini ule mkataba wa 1951, kwa hiyo akifika huko asitegemee karatasi ya mkimbizi, na mara nyingi viza yake inakaa mkononi mwa bosi aliyemleta, huo mfumo wanauita kafala. Bosi akiwa mbaya akanyang'anya pasipoti, msichana akitoroka yeye ndo anakuwa na kosa. 2016 serikali ilisimamisha kupeleka wasichana wa kazi za nyumbani ju ya vilio kuzidi, 2017 wakafungua tena. Wapo waliorudi na wamejenga, nawajua, na wapo waliorudi hawataki kuongea. Ametoka kwa mkono mmoja mnampeleka kwa mkono mwingine, tena peke yake, bila lugha.

We ndo mama yake sasa, dada yako hayupo. Mwite, mkae jikoni bila wanaume, umuulize anakimbia nini, halafu unyamaze amalize. Usimkumbushe mbuzi. Kisha umpakie basi aje kwangu na watoto wake wote wawili, asiache hata mmoja, ukimuacha mmoja huko ndo kamba ya kumrudisha. Nina chumba kidogo, tutabanana, nitamfundisha kutembeza vitenge, na yule wakili amekubali kumuona ju ya kipigo na ju ya ile kahawa, lakini anataka karatasi ya hospitali ya lile sikio, itafute. Kama baada ya hapo bado anataka Saudia, sitamzuia, ila tutaenda kwanza wizara ya jinsia na kazi tuangalie kama hiyo kampuni ina leseni, tusome mkataba mstari kwa mstari, na kopi ya pasipoti ibaki kwangu.

Wakala wake wa Saudia anataka pesa ya medikali, vile vipimo vya afya, ijumaa. Nijibu kabla ya hapo, nauli nimeshaitenga, nikutumie kwa simu.

Wako,
Biira