Mgeni kutoka bara aambiwe maji yanajaa saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu watu wa Dodoma, Singida na mikoa mingine ya katikati ya nchi, ambao siku hizi hawaendi Dar es Salaam kwa ajili ya hospitali, misiba au kufunga mzigo Kariakoo peke yake, bali wanakwenda pia kutembea na kuiona bahari. Tangu safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilipozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, mwendo ambao kwa basi hula karibu siku nzima unamalizika kwa treni ya haraka katika muda usiofika saa nne. Anayeondoka hapa Dodoma alfajiri anaweza kuwa ufukweni kabla ya adhuhuri, akiwa na watoto na chakula alichopika nyumbani.

Jambo hili linanifurahisha kweli. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi walichora ramani ya pwani kwenye madaftari bila kutarajia kwamba siku moja wangeikanyaga. Lakini mgeni huyu anapokata tiketi huambiwa uzito wa mzigo, akiwa njiani hutangaziwa kila kituo, akifika nyumba ya wageni huombwa kitambulisho, na katika safari yote hiyo hakuna anayemwambia kwamba bahari anayoiendea ina saa zake.

Kwa msomaji ambaye hajaishi pwani naomba nieleze kidogo. Maji ya bahari hujaa na kupwa, yaani kupanda na kurudi nyuma, mara mbili katika mchana na usiku mmoja, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Saa hizo hazikai mahali pamoja, kwani kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50, na kwa sababu hiyo aliyekwenda Jumamosi saa nne asubuhi akakuta maji ya vifundo, akirudi Jumamosi inayofuata saa ileile na mahali palepale anaweza kukuta kina cha kumzamisha mtu mzima. Kisha zipo siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huweza kuzidi mita 3, na zipo siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji juu sana.

Sasa tazama jinsi mambo haya yanavyokutana na ratiba ya mgeni. Kwenye pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, yaani wakati uleule ambao familia zimemaliza kunywa chai na zinafika ufukweni. Wanakuta bahari imekwenda mbali, mafungu ya mchanga yako wazi, watoto wanaokota kombe, na kila kitu kinawaita waende mbele zaidi. Zaidi ya hapo, Idd el-Fitri huja mwezi unapoandama, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, umati mkubwa wa sikukuu hukutana na bamvua. Idd el-Adha, ambayo huwa siku ya kumi ya mwezi mwandamo, huangukia karibu na maji mafu. Mvuvi yeyote wa Kunduchi anayajua haya bila kutazama karatasi, ilhali baba wa watoto wanne kutoka Bahi hana pa kuyajulia.

Nililoshuhudia siku ya pili ya Idd el-Fitri kwenye ufukwe mmoja wa kaskazini mwa jiji ndilo lililonisukuma kuandika. Mama mmoja alikuwa ametandika mkeka juu ya fungu, amekaa na watoto wake pamoja na wa jirani, ndoo ya maandazi pembeni, wote wakitazama kisiwa cha Mbudya. Ilikuwa yapata saa saba mchana na bahari iliyokuwa mbele yao ilikuwa imetulia. Nyuma yao, kati ya fungu na nchi kavu, palikuwa na mfereji walioupita asubuhi ukiwa na maji ya kisigino, na mfereji huo ulikuwa umekwisha kufika mapajani. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu akasimama, akapaza sauti: “Mama, rudini! Maji yamepita nyuma yenu!” Mama akageuka kutazama mbele, kwa sababu mtu asiye wa pwani hudhani maji ya bahari hujia mbele tu. Yule mvuvi na vijana wawili wakaingia majini, wakawabeba watoto mabegani hadi nchi kavu. Wote walitoka salama, namshukuru Mungu. Ilipofika alasiri fungu lile halikuonekana tena.

Watu wa kwetu si wazembe. Mtu wa Mpwapwa hawezi kulala kwenye mchanga wa korongo wakati wa masika, hata kama juu yake kuna jua, kwa sababu anajua mvua iliyonyesha mbali inaweza kumfikia bila taarifa. Ujuzi huo aliupata kwa wazee wake. Ujuzi wa bahari hakurithishwa na mtu, na anayesema kwamba mgeni aulize wenyeji hasemi sawa, kwani huwezi kuuliza jambo usilojua kwamba lipo, na siku za sikukuu unayemkuta karibu nawe ufukweni mara nyingi naye ni mgeni mwenzako.

Yapo mengine ambayo nayataja kwa ufupi. Kijana aliyejifunza kuogelea kwenye lambo amezoea maji yaliyosimama, na akivutwa na mkondo unaotoka nje hupigana nao uso kwa uso hadi nguvu zinamwishia, ilhali inampasa aogelee kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka autoke mkondo ndipo arudi nchi kavu. Jasho la Dar es Salaam halikauki upesi kama la Dodoma, ambako tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, kwa hiyo wazee na wenye shinikizo la damu wanywe maji na wakae kivulini saa za mchana.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Majedwali ya maji kujaa na kupwa yapo, maana meli haziingii bandarini kwa kubahatisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, tuliona jinsi taarifa iliyotolewa mapema ilivyowafikia watu. Taarifa za aina hiyo zibandikwe kwenye ubao stesheni ya Dodoma na kutangazwa ndani ya treni, kwa saa tunazozitumia sisi, yaani “leo maji yanaanza kujaa saa tano asubuhi,” na si kwa majedwali ya mabaharia. Kwenye fukwe za wazi ambako wananchi hawalipi kiingilio pawepo waokoaji na bendera, hasa siku za Idd, Krismasi na mwaka mpya. Hoteli kubwa zinaweza kuweka watu wao. Familia iliyokuja na maandazi yake haina mtu.

Wizara zenye dhamana ya utalii, uchukuzi na elimu ziko hapahapa Dodoma, na watumishi wake hupanda treni hiyohiyo na watoto wao. Naziomba zikae pamoja kabla ya likizo ya Juni, kipindi ambacho upepo wa kusi unavuma, bahari imechafuka, na shule nyingi za huku zinapeleka wanafunzi pwani kwa ziara za masomo. Mkuu wa shule anayeomba kibali cha ziara atakiwe kuonyesha saa za maji za siku atakayowapeleka watoto ufukweni, kama anavyotakiwa kuonyesha idadi ya walimu watakaoongozana nao.

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.