Barua ya wazi kwa Afisa wa Afya wa Wilaya: tuwapime na wasiofika kituoni

Mheshimiwa Afisa wa Afya,

Salaam kutoka kwetu tunaojaza na kukagua daftari za vituo vya afya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kila mwezi ripoti ya fomu 105, yaani ripoti ya huduma za kituo, inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na wilaya inapimwa kwa asilimia. Asilimia hizo ni habari za waliofika. Tunakuomba mwaka huu tuwapime wasiofika.

Tuanze na daftari la wagonjwa wa nje. Lina safu ya kijiji, na hapo ndipo kazi huharibika: foleni ikirefuka, anayeandika huweka jina la senta ya biashara tu. Chukua daftari la mwezi mmoja wa kituo cha ngazi ya 3, hesabu wagonjwa kijiji kwa kijiji, halafu linganisha na orodha ya vijiji vyote vya parishi (eneo la vijiji kadhaa). Kijiji chenye wagonjwa wengi kiache kwanza. Kitafute kile ambacho hakina hata mmoja. Kwa malaria ya kwetu, kijiji cha watu 400 hakimalizi mwezi wa mvua bila mtoto mwenye homa. Watoto wapo, ila hawafiki.

Kwa nini hawafiki? Kipimo cha kuwa ndani ya kilomita 5 kutoka kituoni huchorwa kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, na mama mjamzito hupita njia ya miguu. Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) atembee kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hadi kituoni akiwa na saa, mara mbili: kiangazi, na mto ukiwa umejaa. Aandike dakika, pamoja na nauli ya boda boda ya mchana na ya usiku, maana uchungu wa kuzaa hauna saa.

Chanjo nayo inatudanganya. Tuseme parishi ina watu 6,000. Kwa makadirio ya 4.3%, watoto wa chini ya mwaka mmoja ni 258. Kituo kikichanja 284, ripoti inasema 110%, na kila mtu anaridhika. Kumbe baadhi wamevuka mpaka kutoka Kongo au Sudan Kusini, na wengine wamepita mwaka mmoja wakawekwa kwenye safu isiyo yao. Wageni wachanjwe bila kuulizwa mara mbili, lakini waandikwe wanakotoka, la sivyo wanaficha watoto wa kijiji kile kisichofika.

Ili kupata ukweli, kila gombolola (eneo la parishi kadhaa) tuchague kaya 19 zenye mtoto wa miezi 12 hadi 23. Gombolola 5 ni kaya 95 tu. Wakipatikana watoto 13 au zaidi wenye dozi ya tatu ya pentavalenti, chanjo ya kukinga magonjwa matano, basi kwa kanuni ya sampuli ndogo ya watu 19 lengo la 80% tunaweza kulikubali. Wakiwa 12 au chini, gombolola hiyo ipewe kipaumbele. Kura ipigwe kutoka orodha ya kaya zote, kwa sababu mpimaji akiachiwa achague mwenyewe atabaki barabarani. Na VHT asipime kijiji chake.

Mpimaji aombe kadi aishike mkononi. Dozi hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kadi yenye tarehe tatu za wino mmoja, mwandiko mmoja, bila mkunjo wala doa, ilinganishwe na daftari la chanjo kabla ya kuhesabiwa.

Mwisho ni kadi ya stoo, inayoonyesha dawa zilizoingia na kutoka. Tuhesabu siku ambazo dawa mseto ya malaria ilikuwa sifuri, tuziweke kando ya idadi ya wagonjwa wa mwezi huohuo. Dawa zikiisha, habari husambaa sokoni siku hiyohiyo na watu huacha kuja. Ripoti ikionyesha wagonjwa wamepungua, tusikimbilie kusema malaria imeshuka.

Tunaomba kibali cha kuanza na gombolola 2, na agizo lako kwamba safu ya kijiji ikaguliwe kila Ijumaa kabla daftari halijafungwa.

Wako,
Watunza takwimu na VHT, West Nile