Kwa Zuhura, kuhusu rasimu yako ya mji wa hija

Dodoma,
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Huku hatujambo, watoto wanaendelea na shule, mguu wa mama umepungua uvimbe, na upepo wa Julai unatupasua midomo kama kawaida yake. Najua una kinyongo kwa kimya changu na haki unayo. Tutagombana nikikupigia. Leo nina la rasimu yako tu, ile ya kuipanga Varanasi, mji wa hija wa Wahindu huko India, iwe jiji janja linaloendeshwa kwa simu, kamera na kompyuta, maana tangu niisome haijanitoka kichwani, na umesema mwalimu wako anaitaka kabla mwezi haujaisha.

Kwanza hongera. Sehemu ya historia ya Varanasi imetulia kabisa. Ile picha uliyopiga alfajiri, watu wameshuka ngazi hadi majini, nimemwonyesha kila aliyekanyaga kizingiti changu. Mama akauliza kama ngazi zote hizo zina pa kujishikia. Andika hilo swali mahali, Zuhura, utalihitaji.

Sasa sura ya nne. Mikakati yako yote inaanzia kwenye simu. Hujaji anajisajili kwa simu, anapewa msimbo, anapangiwa saa ya kwenda hekaluni, kamera zinamhesabu, wale wa chumba cha udhibiti wanaona pamejaa, wanamtumia ujumbe apite njia nyingine. Nimeufuata ule mchoro mshale kwa mshale nikimtafuta bibi aliyekuja na basi kutoka kijijini, hajui kusoma, ana kiswaswadu kilichoisha chaji, amekuja kuoga mtoni kwa sababu mama yake alikuja na bibi yake alikuja. Hayumo. Na kwa ninavyoijua hija, ya dini yoyote ile, huyo ndiye mwenye mji.

Hija ya 2024 unaikumbuka. Makka ilikuwa na karibu kila kitu ulichokiandika: vibali vya kielektroniki, programu ya simu ya Nusuk, kamera kila kona, treni ya Mashaer ya kubeba mahujaji kati ya maeneo ya ibada iliyoanza tangu 2010. Joto kwenye Msikiti Mtukufu likafika nyuzi 51.8. Wakafa watu 1,301, na Saudia yenyewe ilitangaza kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali. Walitembea masafa marefu juani, hawana hema, hawana pa kupumzikia. Viyoyozi vilikuwepo, mabasi yalikuwepo, ila vilipigiwa hesabu ya waliosajiliwa. Nimewasikia watu wakisema hao walivunja sheria, basi yaishe. Sikatai kwamba vibali vina sababu, Mina, lile bonde la mahema ya mahujaji, haiwezi kubeba dunia nzima kwa siku moja. Lakini mpangaji miji hawezi kusimama kwenye jibu hilo, kwa sababu anajua kabisa kwamba watakuja. Kila mwaka wanakuja. Gharama ya safari rasmi inawashinda, na umri hauwasubiri. Ukijua mtu atakuja, kisha usimwekee maji, hiyo si mipango.

Shangazi wa Kondoa, yule aliyekupikia ugali wa uwele ukamaliza sahani mbili, kaenda akarudi salama, alhamdulillah. Yeye alikuwa na kibali na kila kitu. Alipotea Mina. Mahema ya pale yanazidi laki moja na yanafanana yote, meupe, ya kitambaa kisichoshika moto, yaliwekwa baada ya moto wa Aprili 1997 ulioua watu 343. Alitoka kwenda kutia udhu, kurudi akakunja kushoto badala ya kulia. Simu zote za kundi alikuwa nazo kiongozi wao, naye hapatikani. Kilichomwokoa ni bangili ya mkononi yenye namba, na kijana wa skauti aliyeisoma, akamshika mkono, akamfikisha hadi mlangoni mwa hema. Shangazi akisimulia hagusii sana bangili. Anamtaja yule kijana, anamwombea dua kila Ijumaa. Lakini mimi na wewe tunajua kijana bila ile bangili angezunguka naye hadi Magharibi, na bangili bila kijana ingebaki namba tu. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye sura yako nisikione. Kamera umeziweka. Kijana umemweka wapi? Anasimama kona gani, anazungumza lugha zipi, analipwa na nani?

Na mifano unayo huko huko uliko, huhitaji kwenda Makka. Kumbh ya Prayagraj, ile hija kubwa ya Wahindu ya kuoga mtoni, tarehe 29 Januari 2025, serikali ilisema watu 30 walikufa kwenye msongamano, na ilikuwa ndiyo Kumbh iliyosifiwa kwa kamera zenye akili bandia. Haikupita muda, tarehe 15 Februari, wengine 18 wakafa kwenye stesheni ya New Delhi wakiwahi treni ya kwenda huko huko. Polisi walieleza kwamba watu walichanganyikiwa kwa treni zenye majina yanayofanana, matangazo yakawapeleka siko. Tangazo, Zuhura! Jambo ambalo halihitaji hata kamera moja. Halafu kwenye Kumbh hiyo hiyo kuna kambi ya waliopotea iliyoanzishwa 1946, kazi yake kuwapokea watu na kuyaita majina yao kwa vipaza sauti hadi ndugu wafike. Ningekuwa wewe ningeianza sura kwa kambi hiyo. Ningeuliza imefanya kazi vipi miaka yote hiyo, ndipo niseme kompyuta iongezwe sehemu gani ili iisaidie. Miji yote 100 ya ule mpango wa miji janja wa India wa Juni 2015 imejengewa chumba cha udhibiti, kwa hiyo chumba si jambo jipya la kumpa mwalimu wako. Hiyo kambi ndiyo yenye la kusema.

Nisamehe, naandika kwa kasi. Umeme umekatika ukarudi, nikaogopa chaji.

Lingine ni ile njia mpya ya kutoka hekalu la Kashi Vishwanath hadi mtoni, hapo Varanasi. Umeisifu kurasa tatu nzima. Nakuelewa, hata mimi nikiona kichochoro kimefunguka, mzee anapita na mkongojo wake hadi mtoni bila kusukumwa, moyo unafurahi. Lakini ilipozinduliwa tarehe 13 Desemba 2021, nyuma yake kulikuwa na majengo zaidi ya 300 yaliyonunuliwa na kubomolewa, na ndani ya baadhi ya nyumba hizo kulikutwa mahekalu ya zamani. Umeandika wenye nyumba walilipwa. Sawa. Na wapangaji? Na muuza maua aliyekuwa barazani kwa mtu kwa makubaliano ya mdomo? Umesoma fidia na mimi darasa moja, unajua asiye na karatasi anavyoondoka. Makka nayo ilibomoa ngome ya Ajyad mwaka 2002, leo pale pamesimama mnara wa saa wenye mita 601, na shangazi anasema hoteli za chini ya kivuli chake si za watu wa aina yake. Yeye na wenzake walilala mbali.

Kuna mkakati umeuruka na ungekusaidia sana. Agosti 2014 Varanasi ilitiliana saini ya ushirikiano na Kyoto, mji mwingine wa mahekalu. Na Kyoto, mwaka 2007, ilishusha ukomo wa urefu wa majengo ya katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31. Hakuna kifaa hapo, ni sheria ndogo tu na ujasiri wa kumkatalia mwenye hela. Ungeliweka hilo mbele ya kamera zote.

Na wazee wanaokwenda Varanasi kufia huko umewataja kwenye historia tu, kisha wakapotea. Kwenye mikakati kila mgeni ana siku ya kufika na siku ya kuondoka. Sasa huyu aliyekuja kungoja mauti kando ya mto, na ndugu zake wawili wanaompikia kwenye jiko la mafuta, utampangia vipi? Nyumba za hisani zinazowapokea ziko ndani ya vichochoro vile vile ambavyo pango litapanda mkishaweka taa na mawe mapya. Kama una nafasi ya mkakati mmoja tu wa makazi, uwe huo: nyumba hizo zilindwe kisheria, zisigeuzwe hoteli.

Unajua kwa nini nalishikilia hivi. Mimi ni wa mji uliochorwa kwenye karatasi. Makao makuu yalitangazwa 1973, CDA, mamlaka ya kuustawisha mji, ikaundwa, Wakanada wakaleta mpango kabambe wa 1976, mzuri kweli, wenye njia za waenda kwa miguu ambazo miji mingi leo inatamani. Lakini mtaa wa Chang'ombe uliendelea kukua pembeni ya mchoro. Watu walikuja kwa sababu mji unajengwa na unahitaji mikono, wakaishi pasipopimwa, na bomba na mtaro vilifuata mchoro, havikufuata watu. Hati nazo zilikuwa za miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, na ukija ofisini kwetu Jumatatu asubuhi utakuta bado tunafanya urasimishaji wa makazi yasiyopimwa, tunapitisha barabara katikati ya sebule za watu. Sasa mji una watu 765,179 kwa sensa ya 2022, na mazungumzo ya kuufanya jiji janja yameanza. Nimeketi kwenye kikao, mtoa mada anaonyesha kamera za kuhesabu magari, na mimi nafikiria viwanja vya Nzuguni siku ya Nane Nane, foleni ya kina mama kwenye choo kimoja na watoto migongoni.

Kuna jambo moja hapa kwetu lililonipa moyo, na nakuruhusu uliibe. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Mwenye hati na asiye na hati wote walipata namba ya nyumba, kwa sababu vijana walipita mlango kwa mlango na wenyeviti wa mitaa wanaowajua watu wao. Mfumo ni wa kompyuta, lakini hakuna aliyeambiwa ajisajili kwanza ndipo ahesabike. Alifuatwa alipo. Kwa Varanasi waliopo ni wapiga makasia, wafumaji wa sari, wachoma maiti wa kwenye ngazi za Manikarnika, wauza chai wa kwenye ngazi. Hao wanajua mto ukijaa ngazi ipi inazama kwanza, na sikukuu gani huleta watu wa kutoka wapi. Wafanye wawe wahesabuji wako, wape vishikwambi ukitaka, walipwe. Hapo nitauamini mchoro wako, maana mshale wa kwanza utakuwa umetoka kwa mtu anayemwona yule bibi kwa macho.

Kaka Athumani kaoa, hatimaye! Sare ilikuwa ya kijani, nikakukosa. Treni ya umeme imetuzoesha vibaya, wageni wa Dar walikuja asubuhi wakaondoka usiku na pilau kwenye mifuko. Mama Tatu hakuja, na nadhani unajua kwa nini, hayo tutayamaliza kwa simu.

Nirudi kwenye ombi langu. Ofisini tumeombwa maoni ya maandishi kuhusu hilo la jiji janja, na nataka niyaandike nikiwa na kitu mkononi. Nenda kwenye ngazi siku ya sikukuu kubwa, usiende siku ya kawaida, ukanitazamie. Vyoo vya wanawake viko wapi, na usiku vinafungwa? Maji ya kunywa yanapatikana kila baada ya hatua ngapi, bure au ya kununua? Mtu asiyejua kusoma anatambuaje njia ya kurudi basini, kuna rangi, kuna picha, kuna sauti? Wale wa chumba cha udhibiti wakiona pamejaa, nani hasa anaambiwa, na anachukua muda gani kufika? Watakuruhusu uingie ukae nao saa mbili? Wapangaji waliotoka kwenye ile njia ya hekalu walihamia wapi, unaweza kumpata hata mmoja akusimulie? Na ngazi zina pa kujishikia au hazina, mama bado anangoja jibu.

Sura mpya ukishaiandika nitumie kabla hujampa mwalimu. Nitaisoma usiku huo huo.

Kula vizuri, usifunge Jumatatu na Alhamisi kwenye joto hilo bila kunywa maji ya kutosha daku. Shangazi anakusalimu, kaniachia tasbihi yako aliyokununulia Madina. Nimeifungia kabatini.

Wako akupendaye,
Rukia