Mwanangu, hilo neno "muster"

Mwanangu, salamu sana, mamako na nduguzo huku Likoni wazima alhamdulillahi. Meseji yako nimeisoma mara mbili, wauliza hilo neno la Kiingereza "muster" ni nini manake mwalimu wenu kasema ni kukusanya halafu akapita. Si uongo, lakini hapo kakupa nusu, na nusu iliyobaki ndo utakayoihitaji melini.

Maembe wayakusanya, nguo wazikusanya kambani mvua ikija, lakini maembe hayawi "muster" hata siku moja. Muster ni watu waitwe, waje, wasimame pamoja waonekane mmoja mmoja na wahesabiwe. Kule Australia hata ng'ombe wasemwa hivyo, wakiletwa pamoja kutoka malishoni. Asili yake Kilatini, monstrare, yaani kuonyesha, likapitia kwa Wafaransa ndo likafika kwa Waingereza. Mimi kwa Kiswahili ningesema kuhudhurisha.

Nilielewa siku moja tuko baharini, drili tu ya mchana, king'ora kikalia milio 7 mifupi halafu mmoja mrefu, sote mbio hadi muster station, yaani pale pa kuhesabiwa dharura ikitokea, tumevaa majaketi ya kuokolea, ofisa asoma majina, tukajikuta 21 na karatasi yasema 22. Watu tushakusanyika pale mwanangu, lakini muster haijakamilika, jina limeitwa na hakuna aliyeitika. Wakashuka wawili injini rumu wakamkuta oila, yule wa kutia mashine mafuta, kazimia kwa joto, yuko chini peke yake, na kelele za mashine zile hata angelia nani angemsikia? Akapona. Mimi tangu siku hiyo nikisikia watu wasema muster ni kukusanya tu roho yaniuma.

Halafu utasikia "muster courage", hiyo ndo sisi twasema kupiga moyo konde, ujasiri unao ila umejificha, sasa wauita utoke. "Pass muster" ni kukaguliwa ukapita. Na ukiandika angalia usije ukaweka "master", huyo ni kepteni, masikioni mwetu yafanana sana.

Jumatatu ukipanda meli, kabla hujafungua begi, tafuta muster list ukutani, tazama jina lako wapi, boti yako ya kuokolea namba ngapi, kazi yako gani. Halafu nipigie unisomee.

Babako